Roma Inayofundishwa Kasulu

Wako watu, Kasulu kama kwingineko, wanaoitaja Roma kana kwamba ndiyo kisima ambacho dunia nzima ilikwenda kuteka ustaarabu. Roma waijuayo ni ile ya Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere na kuchapishwa mwaka 1963. Tafsiri hiyo haina lawama. Lawama ni ya mafunzo yakomeayo hapo. Maana Roma ilifika Afrika Mashariki kwa njia nyingine kabisa, wala haikuja na tamthilia mkononi.

Kwanza ilikuja na mkoba wa fedha. Mwaka 1892 Sultani wa Zanzibar aliikodisha Italia bandari za Banadiri, na mwaka 1905 zikauzwa moja kwa moja. Mojawapo ilikuwa Barawa, mji wenye lahaja yake ya Kiswahili. Wenye mihuri waliuziana. Wenye mji walibadilishiwa bwana.

Kisha ikaja na bunduki. Waitalia walishindwa Adua mwaka 1896. Mwaka 1935 Mussolini akawarudisha Uhabeshi na ndege na gesi ya sumu, na tarehe 9 Mei 1936 akatangaza kwamba dola ya Roma imefufuka. Je, hapo fahari ya kale ilikuwa elimu, au kisingizio cha unyang'anyi? Mwaka uliofuata mnara wa jiwe wa Aksum, wenye urefu wa mita 24 hivi, ulisafirishwa vipande vipande ukasimamishwa Roma, kama makaizari walivyokuwa wakibeba minara ya Misri. Italia iliahidi kwa mkataba wa mwaka 1947 kuirudishia Uhabeshi mali yake. Mnara ulirudi mwaka 2005. Miaka 58 ya kutimiza neno moja! Na hao ndio wanaosifiwa kwa kuifundisha dunia sheria.

Atakayesema kwamba mambo hayo ni ya Wahabeshi, hayamhusu Mtanzania, na asome habari za Keya. Kikosi cha sita, kilichokuwa cha Tanganyika, kilipigana na Waitalia huko Colito mwezi Mei 1941. Sajini Leakey, Mzungu wa Kenya, alikufa huko akatunukiwa Victoria Cross, na jina lake limo vitabuni. Majina ya askari Waafrika waliokuwa naye ni nadra kusikika, hata katika nchi iliyowatoa.

Wala Roma haikuwa peke yake na moto wakati wengine wamekaa gizani. Uvinza, kusini mwa Kasulu, wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba maji ya chumvi yalikuwa yakichemshwa tangu karne ya 5 au ya 6, yaani nyakati zile zile dola ya Roma ya magharibi ilipokuwa ikianguka. Chumvi hiyo ilichukuliwa hadi Buha na mbali zaidi, karne baada ya karne, bila ya kaizari yeyote kuiamuru.