Rangi Mpya Isifiche Ubovu

WAHENGA walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Usemi huo unayafaa sana baadhi ya magari yaliyokwisha kutumika yanayouzwa katika miji yetu. Kwa nje yanang'aa kama mapya. Lakini chini ya rangi mna mabati yaliyopondeka, yakakandikwa uji mzito wa kemikali ugandao, ambao mafundi huuita fila, kisha yakapigwa msasa na kupakwa rangi upya.

Tunalisema jambo hili kwa sababu watumishi wa umma na walimu wengi hununua magari hayo kwa mikopo ambayo hukatwa katika mishahara yao kwa miaka kadhaa. Gari likioza, makato hayaozi.

Kupaka gari rangi si kosa. Hatari imo katika kuficha. Kwanza, fila haina nguvu ya chuma. Ikipasuka huingiza maji, na kutu hula bati kimyakimya, hasa pwani kwenye hewa ya chumvi. Pili, na hili ndilo zito zaidi, pondeko lililofichwa laweza kuwa alama ya ajali iliyopinda chasisi au nguzo za bodi, ambazo ndizo kinga ya abiria gari ligongwapo tena.

Hapana budi basi mnunuzi alikague gari mchana, likiwa kavu, kwa kuwa maji huficha kasoro. Ainame na kuutazama ubavu wote kutoka mwisho mmoja. Mwanga ukionyesha mawimbi, pana jambo. Rangi ya kiwandani ni nyembamba, yapata sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini fila yaweza kufikia milimita kadhaa. Kwa hiyo sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hushika bati kwa nguvu, na penye fila nene hulegea au huanguka. Asisahau tu kwamba sumaku haishiki plastiki wala alumini. Aidha, alinganishe nafasi za milango ya kushoto na ya kulia, atazame kama mipira ya milango ina matone ya rangi, na kama bolti za boneti zimechubuliwa na spana. Mwisho, ainue zulia la buti atafute mikunjo na michomeleo mipya.

Hata hivyo, macho na sumaku peke yake havitoshi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuficha ukweli kwa makusudi ili kumdanganya mwenzio kuwa ni ulaghai, na aliyelaghaiwa aweza kuutangua mkataba. Lakini sheria hiyo hiyo haihesabu kunyamaza kutupu kuwa ulaghai, ila pale ambapo mtu ana wajibu wa kusema. Maana yake ni kwamba mnunuzi asiyeuliza humwachia muuzaji kichaka cha kujificha.

Kwa hiyo tunashauri kila mnunuzi aulize waziwazi: Je, gari hili limepata kugongwa? Ni sehemu zipi zilizonyooshwa na kupakwa rangi? Majibu yaandikwe katika hati ya mauziano na kutiwa sahihi kabla fedha hazijatolewa. Muuzaji mkweli haogopi kalamu. Anayeiogopa, aachwe na gari lake.

Kusema kweli daima ni ahadi ya kila mwanachama wa Chama Cha Mapinduzi. Ahadi hiyo haiishii mkutanoni. Inafika hata katika yadi ya magari. Nao watumishi na walimu, ambao kesho watakuwa wauzaji wa magari wanayoyaendesha leo, wawaonyeshe wanunuzi wao mahali palipogongwa. Bei itapungua kidogo, lakini hakuna familia itakayosafiri ndani ya ubovu uliofichwa na mtu aliyeujua.