Karoti za Lushoto na ahadi ya Arusha

Mkulima wa Lukozi, wilayani Lushoto, akipeleka karoti Tanga hana habari na mpaka. Akitaka kuzivusha Horohoro kwenda Mombasa, anaguswa na sheria zinazotungwa Arusha, kwenye Bunge la Afrika Mashariki.

Kwa maandishi, haki yake ipo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inaruhusu bidhaa na wafanyakazi kuvuka mipaka ya nchi wanachama. Lakini Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Kulinda afya ya walaji ni haki. Ila nchi moja iliamua peke yake, malori yakakwama. Kwa mwenye mboga zinazooza, siku chache ni msimu mzima.

Muswada uliopitishwa Arusha hauwi sheria mpaka wakuu wote wa nchi wauridhie. Mmoja akishikilia kukataa, unakufa.

Sisi Waislamu tumeamrishwa kutimiza mikataba. Suratul Maida inaanza kwa amri hiyo. Aliyetia saini amebeba amana. Nasi tuna wajibu wetu: wawakilishi tisa wa Tanzania katika Bunge hilo huchaguliwa na Bunge la Dodoma. Basi mbunge akija kutuomba kura, tumuulize: hao mliowapeleka Arusha wamefanya nini kuhusu mpaka?

Wallahu a'lam.