Kamera Zinapopotea Baada ya Kuhama Kampuni ya Intaneti
Duka linahamia kampuni nyingine ya intaneti, kasi inapanda, na jioni hiyohiyo mwenye duka aliye safarini hazioni tena kamera zake. Fundi anaitwa, ruta inazimwa na kuwashwa, poti zinafunguliwa upya. Wapi!

Mara nyingi ruta haina kosa. Tatizo ni uhaba wa anwani: zile za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ni takriban bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia iligawiwa yote Februari 2011. Ndiyo maana kampuni nyingi huwapa wateja wengi anwani moja ya umma ya pamoja. Dalili yake huonekana kwenye ukurasa wa ruta: anwani ya nje ikiangukia kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo, ombi linalotoka nje halitamfikia mteja hata afungue poti zote.

Mteja ana haki ya kuelezwa hilo kabla ya kusaini mkataba.

Anaweza kulipia anwani ya umma, au kutumia IPv6, mfumo mpya wa anwani, ikiwa ipo pande zote mbili. Lililo bora zaidi ni WireGuard, aina ya VPN: ruta ya dukani yenyewe huanzisha mawasiliano na seva ya nje, na kamera hazibaki wazi kwa kila mpita njia wa intaneti.