Nusu saa ya kinezi haitoshi: kazi ingine ni yetu



Mara hii sisi wa mwaka wa sita hatutasema juu ya usafi wala juu ya kuchelewa kwa mustari. Tunataka kusema juu ya wadogo wetu wenye hawatembei vizuri. Watu wengi wanasema: « Muache mutoto ule, siku yake ikifika atatembea. » Wengine wanasema kinezi, ni kusema munganga wa mazoezi ya mwili, anakanda-kanda tu, tena ni wa watu wenye franga. Sisi hatukubali.

Mutoto anajifunza kutembea hatua kwa hatua: anashika kichwa, anageuka, anakaa, anasimama. Uchunguzi wa OMS uliotoka mwaka wa 2006 ulionyesha kwamba karibu watoto wote wazima wanakaa peke yao mbele ya miezi 10, na wanatembea peke yao wakifika miezi 18. Basi yule wa miezi 18 asiyeweza hata kusimama si wa kungojea. Ni wa kupeleka kwa munganga.

Pengine alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ao malaria ilipanda kwa ubongo. Tuseme kweli: kinezi haponyeshi ubongo wenye uliumia. Lakini anafundisha mwili kutumia nguvu yenye ilibaki, na anazuia misuli isifupike wakati mifupa inaendelea kukomaa. Goti likisha kukazana, pengine itaomba kupasuliwa.

Tuangalie pia mguu wenye kupinda tangu kuzaliwa. Munganga Ignacio Ponseti, Muhispania aliyefanya kazi Iowa kule Marekani na kufa mwaka wa 2009, alionyesha njia yake. Mguu unanyooshwa polepole na mukono, unafungwa plasta, kila juma plasta mupya, mara 5 ao 6 hivi. Mara nyingi wanakata kidogo mushipa wa kisigino. Kisha mutoto anavaa viatu viwili vilivyounganishwa na chuma: miezi 3 ya kwanza saa 23 kila siku, halafu usiku na wakati wa usingizi mpaka miaka 4 ao 5. Nani anamuvalisha kila usiku? Hapana munganga. Na viatu vile vikiachwa, mguu unaweza kurudia kupinda.

Hapo njo neno letu. Kinezi anamuona mutoto nusu saa, labda mara moja ao mbili kwa juma. Masaa mengine yote mutoto iko nyumbani. Mama anaenda shamba ao soko, na nani anabaki naye? Sisi wakubwa wake. Basi nyumbani, mikono ya kinezi ni mikono yetu.

Tumusindikize mama siku ya mazoezi. Tumuombe kinezi atuonyeshe, nasi turudilie mbele yake aone kama tunafanya vizuri. Tusivute mguu kwa nguvu. Tusimuache mutoto amelala chali siku muzima: tumukalishe na kitenge kilichokunjwa nyuma ya mugongo, tuweke kitu anachopenda mbali kidogo, ili anyooshe mukono akitafute. Muchezo ule njo dawa. Tena tusimufanyie kila kitu kwa huruma, kwani mwili unajifunza kwa kufanya.

Wengine watasema: « Tuko na masomo, na Egzamini ya Serikali inatungojea. » Sisi pia inatungojea. Lakini dakika 20 za jioni haziangushi mutu egzamini, na mutoto yule, miezi anayopoteza leo haitarudi.

Neno la mwisho ni la hapa masomoni. Tuache majina tunayowapa wenzetu wenye kuchechemea. Mutu mwenye alipigana miaka na miguu yake ili afike darasani, ametushinda sisi tuliokuja kwa kukimbia.