Msimlaumu Mwenye Picha

Kivinjari kinachohifadhi picha kwa jina ambalo programu nyingine hazilitambui ni kivinjari kibovu, na gharama ya ubovu huo wanailipa watu wasio na hatia. Nimechoka kusikia wakiambiwa hawajui kompyuta.

Tazama yanayotokea steshenari siku ya mwisho ya maombi ya chuo. Picha ya pasipoti ya kijana imo kwenye barua pepe yake. Mhudumu anaihifadhi, anaipakia, mfumo unaikataa: JPG tu ndiyo inayopokelewa. Faili imeishia na .jfif. Mhudumu anaamua picha ni mbovu, kijana anatumwa akapige nyingine, na hiyo nyingine ni hela, huku foleni nyuma yake ikizidi kurefuka.

Picha ile ilikuwa nzima! JFIF ni namna ya kufungasha JPEG, yaani hiyohiyo JPG, iliyokuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukifuta .jfif ukaandika .jpg, hujagusa hata nukta moja ya sura ya kijana. Shida ni kwamba Chrome, ikiwa kwenye Windows, huiuliza Windows yenyewe picha ya aina hii iishie na herufi gani, na katika rejista ya kompyuta nyingi jibu lililoandikwa ni .jfif. Dawa ipo: fungua rejista hiyo kwa Regedit, ingia HKEY_CLASSES_ROOT, kisha MIME, Database, Content Type, hadi image/jpeg, penye Extension weka .jpg, halafu funga kivinjari ukifungue upya. Lakini kwa haki gani mhudumu wa steshenari atumwe ndani ya rejista, mahali ambapo Microsoft yenyewe huonya kwamba ukikosea unaweza kuivuruga kompyuta? Hata kubadili jina tu kuna mtego, maana Windows huzificha herufi hizo za mwisho. Usipozifichua kwanza, unapata picha.jpg.jfif na unakataliwa tena.

WebP, muundo mwingine wa picha, ni kesi nyingine. Google iliitangaza mwaka 2010 ili picha ziwe nyepesi, na kwa sisi tunaohesabu bando hilo ni jambo jema. Kivinjari huiambia seva kwamba kinapokea WebP, hivyo hata anwani ikiishia na .jpg unaweza kuletewa WebP. Hapo kubadili jina hakusaidii. Sharti uifungue kwenye programu ya picha na kuihifadhi upya kama JPEG. Kivinjari kinachoweza kuichora picha hiyo kwenye skrini kingeweza pia kuniuliza nataka kuihifadhi kwa muundo gani. Kutoniuliza ni uamuzi wa watu, na uamuzi hubadilishwa.

Ila hasira yangu kubwa naielekeza kwenu mnaojenga mifumo yetu ya maombi. Kila faili ya JPEG huanza na baiti tatu zilezile, FF D8 FF. Mfumo ukizisoma hizo utaitambua picha hata ikiitwa jina gani, na kazi hiyo ni ya mistari michache ya msimbo. Nyinyi mnatazama mwisho wa jina, kisha mnamtupia mwombaji ujumbe mwekundu usiomwambia kosa liko wapi. Someni faili, acheni kusoma jina. Ikiletwa WebP, igeuzeni wenyewe hukohuko kwenye seva. Na mfanye hivyo kabla dirisha lijalo la maombi halijafunguliwa.