Ligi ya vyuo ianzie Rodi Kopany

Siku shule za sekondari zinapokutana Oyugis kwa mashindano, mji hauhitaji tangazo. Lori huingia likiwa na wanafunzi waliobanana kama omena kwenye gunia, wakipiga ubavu wake wa chuma badala ya ngoma. Mistari ya uwanja imechorwa kwa majivu, na ikifika saa nane mchana imekanyagwa kiasi kwamba refa anakisia tu mpira ulipotokea. Vijana wa boda boda wameegesha nyuma ya goli, kila mmoja juu ya tangi la pikipiki yake kama jaji. Muuza mandazi huenda asijue kanuni moja ya mpira wa vikapu, lakini anajua kwamba Agoro Sare ni shule ya vikapu, na ukimuuliza nani atashinda atakuona mgeni.

Chuo kinapocheza, mara nyingi hadithi huwa nyingine. Watazamaji ni wachezaji wa akiba, dereva wa basi na mwanafunzi mmoja aliyekuja kulinda mabegi. Mji haujui kama kuna mechi. Wakati mwingine hata bweni halijui.

Si kwamba vipaji hupotea njiani. Nahodha wa shule wa mwaka jana ndiye mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni mwaka huu, na mguu ni uleule. Kilichobadilika ni mpinzani. Shuleni alicheza na watu anaowajua, wa kijiji cha pili, wenye binamu zake katika kikosi chao. Chuoni anapangiwa watu ambao mji wake hauna ugomvi nao wala utani.

Michezo ya shule nchini Kenya hupangwa kwa ardhi. Timu huanza katika zoni, hupanda hadi kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda ya Nyanza yenye kaunti sita, halafu taifa, na waliobaki huenda mashindano ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2025 yalifanyika Kakamega. Kila ngazi ina jirani wa kumshinda kabla ya kumfikia mgeni. Vyuo, kwa upande wao, hupangwa kwa aina ya cheti. Mwanafunzi wa chuo cha mafunzo ya matibabu, KMTC, pale Homa Bay hushindana na wenzake wa matawi mengine ya KMTC. Mwalimu mwanafunzi wa Asumbi hukutana na walimu wanafunzi. Wa kiufundi kule Mawego hukutana na mafundi. Vyuo vikuu viko chini ya chama chao, na huko upande wa magharibi Rongo na Tom Mboya hujikuta kundi moja na Maseno, Kisii, Masinde Muliro ya Kakamega, Jaramogi Oginga Odinga ya Bondo na Kibabii ya Bungoma.

Matokeo yake ni ya kuchekesha. Muuguzi mwanafunzi wa mjini Homa Bay anaweza kumaliza masomo yake bila kucheza hata mara moja dhidi ya Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilicho mji huohuo. Wanakunywa chai hoteli moja na kupanda matatu moja, ila uwanjani kila mmoja ana nchi yake.

Hata mgawanyo wa kaunti za Homa Bay na Migori hauna mizizi ya kale. Kwa miaka mingi eneo lote hili lilikuwa wilaya moja, South Nyanza, makao makuu yakiwa Homa Bay, na lilienea kutoka Oyugis hadi mpaka wa Tanzania pale Isebania. Wilaya ikaanza kumegwa miaka ya 1990: Migori, Kuria, Suba. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti, nazo zilipoanza kazi mwaka 2013, Migori na Homa Bay zikawa pacha wenye maeneobunge manane kila mmoja. Wazee bado husema South Nyanza wanapotaja nyumbani.

Wakati wa wilaya hiyo, chuo kikuu kilikuwa jambo la mbali. Kijana wa Ndhiwa au Nyatike aliyefaulu alifunga sanduku kwenda Nairobi, Njoro au Eldoret. Rongo ilipata chuo mwaka 2011, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2016 kikapata hati ya kujitegemea. Mwaka huohuo wa 2016, Tom Mboya ikazaliwa Homa Bay chini ya ulezi wa Maseno, nayo ikajitegemea mwaka 2022. Yaani vyuo vikuu vya eneo hili bado ni vichanga. Hakuna desturi ya miaka hamsini ya kuvunja wala bingwa wa kudumu wa kumkasirisha. Anayetaka kupanga jambo, huu ndio wakati.

Jina la Tom Mboya lenyewe linaalika mfano wa ng'ambo. Mwanasiasa huyu mwenye asili ya kisiwa cha Rusinga ndiye aliyepigania safari za wanafunzi kwenda kusoma Marekani. Ndege ya kwanza iliondoka mwaka 1959 na wanafunzi 81. Miaka ya baadaye wanariadha Wakenya wakafuata njia hiyo kwa miguu yao. Henry Rono, Mnandi aliyesoma Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978, akiwa mwanafunzi.

Kule vyuo hushindana katika makundi wanayoyaita konferensi, na mengi yalianza kama ligi za majirani. Kundi la chuo cha Rono lilianzishwa mwaka 1915 na vyuo vinne vya pwani ya Pasifiki. Washington State ikajiunga mwaka 1917. Likakua hadi wanachama 12 na kuitwa Pac-12. Kisha fedha za televisheni zikaingia kati. Kufikia Agosti 2024 wanachama kumi walikuwa wamehama, wakaachwa wawili tu, Washington State na Oregon State. UCLA ya Los Angeles sasa iko ligi moja na Rutgers ya New Jersey, upande wa pili wa bara. Rono alifariki Februari mwaka huohuo, miezi michache kabla ya ligi aliyoikimbilia kusambaratika. Upande mwingine iko Ivy League, ya kina Harvard na Yale: vyuo vinane tangu ilipoundwa rasmi mwaka 1954, na ni vilevile vinane hadi leo.

Migori na Homa Bay hazina fedha za televisheni za kugombania, na pengine ni heri. Lakini zina vinane vyake. Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya, Chuo cha Ualimu cha Asumbi, chuo cha kiufundi cha Mawego na KMTC. Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo, Chuo cha Ualimu cha Migori, chuo cha kiufundi cha Siala na KMTC yake. Wanne kwa wanne. Kila kaunti iwe kundi. Kila timu icheze na wenzake watatu nyumbani na ugenini, mechi sita tu kwa msimu, tatu kati yake za kusafiri. Washindi wa makundi wakutane kwa fainali, mwaka huu Homa Bay, mwaka ujao Migori. Hakuna chama cha kitaifa kitakachovunjwa. Chama cha vyuo vikuu kibaki na kalenda yake, KMTC na walimu vivyo hivyo. Hii ni ya nyumbani, ya kuongezea.

Watakaopinga watasema chuo kikuu chenye maelfu ya wanafunzi kitavimeza vyuo vidogo. Katika soka huenda ikawa hivyo msimu wa kwanza. Katika voliboli hoja hiyo haina miguu: wachezaji sita waliolelewa vizuri shuleni wanatosha, na vyuo vya ualimu na vya kiufundi hupokea vijana kutoka shule zilezile zinazolisha vyuo vikuu. Atakayekwenda Siala akidhani ni mteremko, aende na akiba ya kutosha.

Watasema pia hakuna fedha. Wanafunzi wengi hulipa ada ya shughuli za michezo kila mwaka, na sehemu kubwa ya gharama ya michezo ya vyuo ni barabara na malazi: basi la usiku, chakula cha siku tatu, magodoro kwenye darasa la watu. Hata kwa fainali, Rongo na mji wa Homa Bay haziachani kilomita 50. Timu hutoka baada ya chakula cha mchana, hucheza, na jioni iko bwenini. Ligi ya majirani ndiyo ligi ya gharama ndogo kuliko zote.

Jina ndilo litakaloleta vita zaidi kuliko fedha. Mjaluo wa huku atataka iitwe Kombe la Milambo, yaani la Kusini. Mkuria wa Kehancha ana haki ya kuuliza kwa nini kombe lake liitwe kwa lugha ya jirani, na Msuba wa Mbita naye atakohoa. Basi liitwe jina lingine lolote, mradi mechi zichezwe.

Njaa ya mpira ipo. Awendo iliwahi kuwa mji mkuu wa soka ya Kenya kwa msimu mzima: SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 2006 ikizipiku timu kubwa za Nairobi. Mwaka 2019 ilitimuliwa ligini baada ya kukosa kufika uwanjani mechi tatu. Tangu hapo shabiki wa Migori amekuwa akitafuta wa kumshangilia mwisho wa wiki. Homa Bay, kwa upande wake, ilipata uwanja uliofanyiwa kazi kubwa, Uwanja wa Raila Odinga, kwa ajili ya Madaraka Dei ya Juni 1, 2025. Viti vya sherehe ya taifa havipaswi kusubiri sherehe nyingine ya taifa. Viketiwe siku ya fainali na wanafunzi wa Tom Mboya wakiwazomea wa Rongo.

Wa kuanza si waziri wala gavana. Ni wasimamizi wa michezo wa vyuo hivi vinane, na walezi wa wanafunzi wanaotia sahihi fomu ya basi. Wakutane kabla ya muhula ujao pale Rodi Kopany, njia za Homa Bay, Rongo na Ndhiwa zinapokutana, waandike tarehe sita na ya fainali kwenye karatasi moja na kila mmoja aondoke na nakala. Hoteli za samaki zipo, na meza ya vyuo vinane haikosekani.