Mji Haupimwi kwa Maua

Wako wasemao ya kwamba mji hupimwa kwa uzuri wake, nao husifu Pasadena, mji wa California, Marekani, ulio karibu na Los Angeles chini ya milima ya San Gabriel, wenye maandamano ya mawaridi tangu mwaka 1890. Sisi twakataa.

Mack Robinson, mtu mweusi aliyekulia huko, alipata nishani ya fedha katika mbio za Berlin mwaka 1936. Aliporudi, kazi aliyopewa ni kufagia barabara za mji. Na bwawa la kuogelea, weusi walifunguliwa siku moja tu katika juma. Mwaka 1997 mji ukasimamisha sanamu yake na ya nduguye Jackie. Ni vema, lakini ilikawia miaka 61.

Ndugu wasomaji, mawaridi hunyauka. Mji hupimwa kwa jinsi uwatendeavyo wanawe.